Matairi yaliitwa, wenye magari wakaachwa njiani

Mwaka 2000 kampuni ya Firestone ilitangaza kurudisha matairi milioni 14.4 nchini Marekani. Yaliyowakuta wenye magari kabla na baada ya tangazo hilo yanamhusu kila anayeendesha gari, anayeuza tairi na anayetunga sheria.

Agosti 2000, katika majimbo ya Texas na Arizona ambako jua la kiangazi huifanya lami iwake, watu wengi walijikuta wakifanya kazi ambayo kwa kawaida huachiwa fundi. Walilala chali chini ya magari yao, tochi mkononi, wakipangusa vumbi kwenye ubavu wa tairi. Walikuwa wakitafuta maandishi yanayoanza na DOT. Tairi likiwa aina ya Wilderness AT, ukubwa wa P235/75R15, na baada ya DOT zikifuata herufi VD, basi lilitoka kiwanda cha Firestone kilichoko Decatur, jimbo la Illinois, na lilipaswa kuvuliwa.

Kulala chini kulikuwa na sababu. Namba kamili ilipigwa upande mmoja tu wa tairi, na mara nyingi upande huo ndio uliofungwa ukielekea ndani, kwenye ekseli. Aliyesimama kando ya gari aliliona jina la tairi kwa maandishi meupe ya kupendeza. Habari iliyohusu uhai wake na wa watoto wake ilikuwa upande wa pili, kwenye tope na kivuli.

Tangazo lenyewe lilitolewa tarehe 9 Agosti 2000 na Bridgestone/Firestone, kampuni tanzu ya Bridgestone ya Japani, iliyoinunua Firestone mwaka 1988. Lilihusu matairi yote ya ATX na ATX II ya ukubwa huo, pamoja na Wilderness AT yaliyotoka Decatur. Yaliyokuwa yametengenezwa yalifika milioni 14.4, na kampuni ilikadiria kuwa milioni 6.5 bado yalikuwa barabarani. Mengi yalifungwa kwenye Ford Explorer, gari la familia lililojengwa juu ya fremu ya pikapu ya Ford Ranger, ambalo kisheria Wamarekani walilihesabu kuwa lori dogo. Mengine yalikuwa kwenye Ranger yenyewe, kwenye F-150 na kwenye Mercury Mountaineer.

Siku hiyo, vifo vilivyokuwa vimeripotiwa kwa Mamlaka ya Taifa ya Usalama wa Barabara Kuu, NHTSA, vilikuwa 46. Hesabu ilipofungwa baadaye, vilifika 271 nchini Marekani pekee, na majeruhi walizidi 800. Watu hao hawakufa kwa sababu hakuna aliyejua. Walikufa huku waliojua wakiwa wengi, na habari ikiwa imekaa mahali pasipofaa.

Tairi linavyochanika

Ukilikata tairi la kisasa utaona kwamba si mpira mtupu. Ndani kuna nyuzi za kitambaa zilizovutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Juu ya nyuzi hizo hulazwa mikanda miwili ya nyaya nyembamba za chuma, moja juu ya nyingine, nyaya zake zikipishana kwa mshazari. Juu ya mikanda ndipo unapokaa uso wa tairi, ule wenye mifereji unaogusa barabara. Kazi ngumu ya mtengenezaji ni kuufanya mpira na chuma vishikane, kisha visiachiane kwa miaka ya joto, mzigo na mwendo kasi.

Pahali dhaifu ni kwenye kingo za mikanda, karibu na mabega ya tairi, ambako nyaya zimekatwa na ncha zake zimezama ndani ya mpira. Ufa mdogo huanzia hapo, kisha hutambaa kati ya mkanda wa juu na wa chini, na kwa muda mrefu nje usione kitu. Siku ukifika mwisho wake, gari likiwa kwenye barabara kuu, dereva husikia mtikisiko na mlio wa kitu kinachogonga bodi, na uso wote wa tairi hubanduka pamoja na mkanda wa juu. Likiwa tairi la nyuma, sehemu ya nyuma ya gari hupoteza mshiko. Dereva aliyeshtuka hukata usukani, na gari lililoinuka kama Explorer, lenye uzito wake juu, huteleza ubavu na kubiringika.

Adui mkubwa wa mshikamano huo ni joto. Tairi lenye upepo pungufu hujikunja zaidi kila linapozunguka, kujikunja huzaa joto, na joto huuchosha mpira. Gari likiwa limebeba mzigo na linakimbia kwenye lami ya moto, mambo hayo matatu hukutana. Ndiyo maana visa vingi viliripotiwa katika majimbo ya joto: Arizona, California, Florida na Texas.

Hapo mwenye gari alikutana na fumbo la kwanza. Ford ilikuwa imemwelekeza ajaze upepo wa pauni 26. Firestone sasa ikamwambia ajaze 30, na ikadai kwamba 26 ni kidogo mno kwa gari zito namna ile. Ford ikajibu kwamba magari mengine ya aina hiyo, na hata Explorer zenye matairi ya kampuni nyingine, yalitumia upepo wa namna hiyo bila balaa. Mtu wa kawaida aliyesimama kituo cha mafuta, bomba la upepo mkononi, alitakiwa aamue nani mkweli kati ya kampuni mbili zilizoshirikiana kumuuzia gari moja.

Foleni ya kubadilisha

Kutangaza ni siku moja. Kupata matairi milioni 6.5 mapya ni jambo jingine. Firestone iliyapanga majimbo kwa awamu: yale manne ya joto kwanza, kisha majimbo mengine ya kusini, na sehemu iliyobaki ya nchi ingoje hadi mwaka uliofuata. Kwenye makaratasi mpango huo ulikuwa na mantiki, kwa kuwa hatari ilikuwa kubwa zaidi penye joto. Lakini gari halifungwi kamba jimbo moja. Familia ya kaskazini iliweza kupakia mizigo na kushuka Florida kwa siku chache, na tairi ambalo zamu yake haijafika lingekutana na joto lilelile lililowatisha wahandisi.

Malalamiko na kesi zilipozidi, kampuni ilikubali kwamba mwenye gari anaweza kununua matairi ya kampuni nyingine na kurudishiwa hadi dola 100 kwa kila tairi. Bridgestone ilisafirisha matairi kwa ndege kutoka Japani. Ford nayo ilisimamisha kwa muda viwanda vyake vitatu vya kuunganisha magari, ili matairi yapatayo 70,000 yaliyokuwa yafungwe kwenye magari mapya yapelekwe kwa wateja waliokuwa wakingoja.

Hata hivyo gharama kubwa haikuandikwa kwenye risiti. Ranger na F-150 ni magari ya kazi. Fundi bomba, mkulima, mjenzi, hao hubeba vyombo vyao humo kila asubuhi. Kumwambia mtu wa namna hiyo alipaki gari mpaka zamu yake ifike ni kumwambia afunge kazi. Kumwambia aendeshe polepole ni kumtwisha yeye mzigo wa kosa la kiwandani. Wengi waliendelea kuendesha, kwa sababu kodi ya nyumba haina awamu.

Kulikuwa pia na tairi la akiba. Kwenye Explorer lilining'inia chini ya gari, nyuma, likala vumbi kwa miaka bila kuguswa. Aliyebadilisha manne akalisahau la tano alibaki na hatari ileile, na ingejitokeza siku ya pancha, barabarani, mbali na nyumbani.

Kisha likaja fumbo la pili. Tarehe 1 Septemba 2000 NHTSA iliwaonya wananchi kuhusu matairi mengine milioni 1.4 ya Firestone, ya aina na ukubwa tofauti, ambayo takwimu zake zilionesha kubanduka kupita kiasi. Kampuni ilikataa kuyajumuisha katika wito wake. Serikali ikawa inasema tairi hili si salama, na aliyelitengeneza anasema halina tatizo. Mwenye nalo angelipia mwenyewe, au angevumilia.

Waliojua mapema

Julai 1998, miaka miwili kabla ya tangazo, mchambuzi wa kampuni ya bima ya State Farm aitwaye Sam Boyden aliona mtindo katika mafaili ya madai. Visa 21 vya matairi ya Firestone yaliyobanduka, mengi yakiwa kwenye Explorer. Aliiandikia NHTSA. Barua hiyo haikuzaa uchunguzi wakati huo. Visa 21 kati ya mamilioni ya matairi vilionekana vichache.

Agosti 1999 Ford ilianza kubadilisha matairi hayo nchini Saudi Arabia na katika nchi nyingine za Ghuba. Wauzaji wa huko walikuwa wamelalamika kwa muda kuhusu matairi kubanduka na magari kupinduka. Mwanzoni mwa 2000 ikafanya hivyo Malaysia na Thailand, na Mei 2000 Venezuela. Sheria ya Marekani ya wakati huo haikuwalazimisha watengenezaji kueleza hatua za usalama walizochukua nje ya nchi, na wadhibiti wa Marekani hawakuelezwa. Hati ya ndani ya Ford ya Machi 1999, iliyofika mbele ya wabunge baadaye, inaonesha kwamba wanasheria wa Firestone walikuwa na wasiwasi na mpango wa Saudi Arabia. Waliona kuwa ukifanyika, Wizara ya Uchukuzi ya Marekani ingepaswa kuarifiwa, kwa kuwa tairi lilelile lilikuwa likiuzwa Marekani.

Hebu tulitafakari hilo. Mwenye Explorer mjini Riyadh alibadilishiwa matairi bure mwaka mzima kabla ya mwenye Explorer mjini Houston. Jua ni kali kotekote, barabara ni ndefu kotekote, tairi ni lilelile. Kilichowatenganisha ni kwamba habari ilivuka bahari kwenda makao makuu, lakini haikushuka kutoka makao makuu kwenda kwa mteja.

Mahakamani pia habari ilifungiwa. Kesi za waathirika zilianza mapema miaka ya 1990, na nyingi zilimalizwa kwa malipo yenye sharti la siri. Familia ilipata fidia, na hati zilizoonesha kasoro zikabaki kabatini. Hata baadhi ya mawakili wa waathirika, waliokuwa na visa kadhaa mezani, hawakuvipeleka kwa NHTSA, wakihofu kuwa uchunguzi ukianza na kufungwa bila hatua ungeharibu kesi zao. Kila mmoja alikuwa na sababu iliyoeleweka kwa nafasi yake. Jumla ya sababu hizo ilikuwa makaburi.

Waliovunja ukimya ni waandishi wa habari wa kituo kimoja cha mji. Februari 2000, kituo cha televisheni cha KHOU cha Houston kilirusha taarifa ya mwandishi Anna Werner kuhusu matairi hayo na magari yaliyopinduka. Firestone ilikuja juu, ikakiandikia kituo barua kali. Lakini watazamaji walianza kupiga simu, wengine wakisimulia ajali zao wenyewe, na malalamiko yakaanza kumiminika NHTSA. Uchunguzi rasmi ulifunguliwa Mei mwaka huo.

Udugu wa karne moja wavunjika

Ford na Firestone zilikuwa karibu kuliko mteja na muuzaji. Harvey Firestone alianza kumuuzia Henry Ford matairi kwa wingi mwaka 1906, wakawa marafiki wa kupiga kambi pamoja, na mwaka 1947 wajukuu wao, William Clay Ford na Martha Firestone, walioana. Mtoto wao, William Clay Ford Mdogo, ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa bodi ya Ford msukosuko ulipotokea.

Udugu huo haukuhimili. Septemba 2000 Masatoshi Ono, mkuu wa Bridgestone/Firestone, aliinamisha kichwa mbele ya Bunge la Marekani na kuomba radhi. Mwezi uliofuata alijiuzulu, na nafasi yake ikashikwa na John Lampe. Mkuu wa Ford, Jacques Nasser, alishikilia kuwa hili ni suala la tairi, si la gari. Firestone ilijibu kwamba gari lenyewe hupinduka kirahisi kupita kiasi. Tarehe 21 Mei 2001 Lampe alimwandikia Nasser barua ya kukata uhusiano. Kesho yake Ford ilitangaza kwamba itabadilisha Wilderness AT zote zilizobaki kwenye magari yake, matairi milioni 13, kwa gharama ya dola bilioni 3. Oktoba 2001, kwa shinikizo la NHTSA, Firestone ilirudisha mengine milioni 3.5 yaliyotengenezwa kabla ya Mei 1998. Mwisho wa mwezi huohuo Nasser aliondolewa.

Nani alikuwa na kosa? Uchunguzi ulionesha kwamba chanzo kilikuwa zaidi ya kimoja. Umbo la bega la tairi lilikaribisha ufa. Mpira uliokaa kati ya kingo za mikanda ulikuwa mwembamba, na baadaye ulinenepeshwa. Decatur ilikuwa na namna yake ya kusindika mpira, tofauti na viwanda vingine vya kampuni. Joto, uzito na upepo mdogo vikakamilisha.

Kuna jambo jingine ambalo wahandisi hawakulipima kwa mizani. Kuanzia 1994 Decatur ilikuwa na mgogoro mkali wa kazi. Kampuni ilidai zamu ndefu zaidi na masharti magumu kwa wafanyakazi wapya, wafanyakazi wakagoma, na nafasi zao zikajazwa na watu wengine. Mwaka 2004 wanauchumi Alan Krueger na Alexandre Mas walichapisha utafiti uliolinganisha tarehe za kutengenezwa kwa matairi na malalamiko ya wateja. Walikuta kwamba matairi mabovu yalikithiri katika vipindi viwili: kampuni ilipotangaza masharti yake mapya, na wagomaji waliporejea kufanya kazi pamoja na wale waliochukua nafasi zao. Usalama wa abiria wa Texas ulitegemea pia jinsi mfanyakazi wa Illinois alivyotendewa. Kiwanda hicho kilifungwa Desemba 2001, na wafanyakazi wapatao 1,500 wakapoteza ajira.

Sheria ilivyobadilika

Tarehe 1 Novemba 2000, chini ya miezi mitatu baada ya tangazo, Rais Bill Clinton alitia saini sheria iitwayo TREAD. Ililenga pale palipovuja. Mtengenezaji anayerudisha bidhaa nje ya Marekani, kama bidhaa hiyo au inayofanana nayo inauzwa Marekani, sharti aiarifu serikali ndani ya siku 5 za kazi. Watengenezaji wanalazimika kupeleka kwa NHTSA takwimu za madai, majeruhi na vifo mapema, bila kungoja kuulizwa. Anayeidanganya serikali kuhusu kasoro iliyosababisha kifo au jeraha kubwa anaweza kufungwa hadi miaka 15.

Sheria hiyohiyo iliagiza magari mapya ya abiria na malori madogo yawekewe kifaa cha kumwonya dereva upepo unapopungua. Tangu magari ya mwaka 2008 ni lazima kwa yote yanayouzwa Marekani, na nchi nyingine zikafuata, Umoja wa Ulaya ukiwemo. Dereva anayeona ile taa ndogo ya njano yenye alama ya tairi ikiwaka kwenye dashibodi anapata onyo ambalo wenye Explorer wa 2000 hawakulipata.

Lakini tundu moja halikuzibwa. Gari lina namba ya usajili na mmiliki anayejulikana, kwa hiyo barua ya wito humfikia. Tairi hununuliwa dukani, hufungwa, na safari inaanza. Mwaka 1982 Bunge la Marekani liliwaondolea wauzaji huru wa matairi wajibu wa kupeleka taarifa za mnunuzi kwa mtengenezaji. Ilitosha wampe mnunuzi fomu, ajaze na kuituma mwenyewe. Wengi hawakuituma. Bodi ya Taifa ya Usalama wa Uchukuzi ya nchi hiyo ilipochunguza suala hili mwaka 2015, ilikuta kuwa chini ya nusu ya matairi yanayoitwa hurudi. Kilichoisukuma ni pamoja na ajali ya Februari 2014 karibu na Lake City, Florida. Tairi la basi dogo lililobeba watu wa kanisa lilibanduka uso na watu wakafa. Tairi hilo lilikuwa limekwisha kutangazwa kurudishwa, ila wenye basi hawakuwa wameandikishwa popote, na hakuna aliyewaambia. Miaka 14 baada ya Firestone, tangazo lilikuwapo na tairi lilikuwapo, na vyote viwili havikukutana.

Herufi hizo zipo pia kwenye tairi lako

Afrika Mashariki haikuwa na Explorer nyingi, lakini swali la nani anamwambia mwenye gari liko hapa kwetu vilevile. Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki inakataza kuingiza matairi yaliyotumika ya magari madogo ya abiria na ya magari mepesi ya mizigo. Ni katazo zuri. Hata hivyo magari yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani na Falme za Kiarabu huja yakiwa juu ya matairi yake, na tairi hilo haliji na historia. Anayelinunua gari hajui limefungwa lini, wala kama liliwahi kuitwa huko lilikotoka. Barua ya wito, kama ilitumwa, ilikwenda kwa mmiliki wa kwanza, ng'ambo.

Yapo ambayo kila mwenye gari anaweza kuyafanya leo. Tafuta maandishi ya DOT ubavuni, na usipoona tarakimu za mwisho upande wa nje, chungulia upande wa ndani. Kwa matairi yaliyotengenezwa tangu mwaka 2000, tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Ukikuta tarakimu tatu, tairi hilo ni la karne iliyopita, livue. Ford na watengenezaji wengine kadhaa wa magari wanashauri tairi libadilishwe baada ya miaka 6 hata kama uso wake haujaisha, kwa sababu mpira huzeeka hata gari likiwa limepaki. Pima upepo tairi likiwa baridi, asubuhi kabla ya safari, na ufuate kipimo cha kibandiko cha mlangoni. Pima na tairi la akiba. Ukihisi usukani unatetemeka kwa namna mpya au ukiona uvimbe ubavuni au begani mwa tairi, simama kwa fundi kabla ya kuendelea.

Haitoshi, hata hivyo, kumwachia dereva kila kitu. Kosa kubwa la mwaka 2000 lilikuwa hilohilo: baada ya kampuni mbili kubwa, mamlaka ya serikali na mahakama kushindwa kupeana habari, kazi ya mwisho ikaangukia mtu mmoja mwenye tochi chini ya gari. Duka la matairi linaloandika risiti linaweza kuandika pia namba ya DOT na simu ya mnunuzi. Ni kazi ya dakika mbili. Mamlaka zetu za viwango, ambazo tayari zinakagua bidhaa zinazoingia, zinaweza kutangaza kwa Kiswahili, redioni na kwenye ujumbe wa simu, kila tairi linapoitwa katika nchi tunazonunua magari. Bima wanaolipa madai ya ajali wanaona mitindo mapema kuliko yeyote, na sheria inaweza kuwataka waiseme. Polisi wa usalama barabarani wanaweza kurekodi aina na tarehe ya tairi lililopasuka au kubanduka, badala ya kuandika tu kwamba chanzo cha ajali ni mwendo kasi.

Hakuna hata moja kati ya hayo linalohitaji teknolojia mpya wala bajeti kubwa. Linalohitajika ni kukubaliana kwamba habari ya hatari ni mali ya anayepanda gari, si ya aliyeliuza. Aliyenayo akikaa nayo, kwa sababu ya biashara, ya kesi au ya uzembe, anacheza na maisha ya watu, na sheria zetu zinapaswa kumhesabu hivyo.